Mkono wa Mista

Mlio ninaoukumbuka hadi leo ni wa mawe juu ya bati. Tulikuwa ugenini, tumeshinda bao moja bila, na watu wa pale walikuwa wameamua kwamba hatutoki. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na bati jipya, kwa hiyo kila jiwe lililotua lilitoa kelele yake yote, kisha likabiringika polepole mpaka ukingoni, na kabla halijadondoka jingine limeshafika. Wachezaji walikuwa wamejibanza chini ya mabenchi. Mimi nilijifunika gunia la jezi chafu, nacheka, maana mimi nikiogopa hucheka. Mista peke yake alisimama katikati ya chumba, anamenya chungwa kwa wembe. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Wanarusha juu mno," akasema. "Ndiyo maana hata kwenye bola hawafungi."

Akala chungwa lake mpaka mwisho. Mawe yalipopungua akafungua mlango, akatoka wa kwanza. Jiwe moja likampata juu ya jicho. Hakulishika jicho. Alimfuata aliyelirusha, katikati ya umati wote ule, akamzaba kofi moja, akarudi kutuita tupande gari. Umati ukatupisha. Mpaka leo sijui kwa nini.

Huyo ndiye Mista. Kwetu kila kocha huitwa Mista, lakini hapa Mocímboa, upande wa bandarini, ukisema Mista bila kuongeza kitu watu wanajua unamsema yeye, na wengine wanajishika shavu.

Mimi nilikuwa mfuaji wa jezi. Shule niliiachia darasa la saba, vita vilipotukimbiza, na tuliporudi mjini nilikuta wenzangu wameshaolewa, basi nikaomba kazi kwenye timu. Siku za mechi za nyumbani nilipanda juu ya tangi la maji nyuma ya goli, nikautangaza mchezo kwenye kopo la maziwa, kwa sababu niliamua kwamba siku moja nitatangaza bola, mpira wa miguu, redioni, kwa Kiswahili na Kimwani, na Kireno nitakachokuwa nimejifunza. Watu walinicheka. Mista hakunicheka, alinikemea.

"Menina," aliniita hivyo siku zote, yaani msichana kwa Kireno, "nimekusikia. Umesema Kanyoto katoa pasi. Hakutoa pasi. Kapokonywa. Usiwadanganye wasikilizaji."

Wasikilizaji wenyewe walikuwa mbuzi wa jirani.

Kanyoto ni kaka yangu. Ndivyo wanavyoitwa kwetu watu wa mguu wa kushoto, na mguu wake wa kushoto ulikuwa habari ya pwani nzima. Timu kubwa ya mji mkuu ilishamtuma mtu kuja kumtazama, na mtu yule alishasema ndiyo. Msimu ukiisha, kaka angepanda ndege. Baba hakurudi kutoka kwenye vita, hatuna kaburi lake, kwa hiyo mama, mimi na wadogo zetu sote tulikuwa tumekaa juu ya mguu ule kama watu waliokaa juu ya tawi moja.

Nianze na mkono wake Mista, maana ndio uliotangulia kila alipofika. Ulikuwa mpana, kiganja kikavu kama ubao. Hakupiga ngumi, alipiga kofi. Beki akipitwa kizembe, kofi. Ukichelewa mazoezi, kofi. Mshambuliaji akifunga bao halafu akavua jezi na kucheza dansi mbele ya wasichana, alipigwa kofi kwanza, kisha akakumbatiwa. Siku moja mwenyekiti wa klabu alitaka mpwa wake aanze mechi. Mista alimsikiliza vizuri, akamwamkia tena kwa heshima, kisha akampiga kofi miwani ikaruka. Mwenyekiti akaita walinzi. Walinzi walikuwa wachezaji wa zamani wa Mista. Wakatazama dari.

Wazazi hawakumshitaki. Mama yangu mwenyewe alisema afadhali kofi la Mista kuliko fimbo ya polisi. Sitaki kumsafisha lakini. Kulikuwa na beki wetu wa kati, mrefu, mpole, ambaye sikio moja lilikufa kwa kofi lile. Ukimwita kutoka upande huo hageuki. Mista alijua. Mazoezini alihakikisha anasimama upande wa sikio zima, na hakuwahi kulisema jambo hilo, wala kuomba radhi.

Ila mkono ule ulikuwa na mpaka. Miguu hakuigusa. Na mchezaji akimchezea mwenzake rafu mazoezini, Mista alisimamisha kila kitu, akamkalisha chini aliyefanya, akasema naye kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliogopwa kuliko kofi.

"Shavu linapona kabla ya magharibi," alisema. "Mguu ni shamba la mtu. Wewe unachoma shamba la mwenzio, familia yake ile nini?"

Tena mtu akiumia, Mista hakumwachia muuguzi. Alichemsha maji ya chumvi mwenyewe, akakaa chini mbele ya mchezaji, akaosha kidonda huku anapuliza, fuu, fuu, kama mama anavyompulizia mtoto. Mimi nilingoja pembeni nichukue jezi. Damu inataka maji baridi mapema, ikishakauka imekushinda. Msimu ule nilifua damu nyingi kuliko tope.

Mambo yake mengine hayakupatana. Alikuwa Mkristo wa kule uwandani, bara, na shingoni alivaa msalaba wa mti. Lakini Ramadhani alifunga pamoja na wachezaji, siku zote, mpaka maimamu wakamzoea. Alisema hawezi kumkimbiza mtu ambaye hajui anachosikia tumboni. Sasa mchana mmoja akamkuta kiungo wetu nyuma ya tangi anakula ndizi. Kofi.

"Mista," kiungo akalalamika, "wewe si Mwislamu."

"Ndiyo maana nimekupiga moja," akasema Mista. "Imamu angekupiga mbili."

Nikisema msimu ule, nasema msimu wa kwanza baada ya watu kurudi mjini. Ligi ya mkoa ilianza tena, klabu ikalipa tena mishahara, na sisi tukaanza na kikosi kizuri, watu walijaa uwanjani kwa furaha ya kuwa hai tu. Halafu kikosi kikaanza kuchomoka. Mshambuliaji alivuka Ruvuma akaenda kucheza Mtwara, akatutumia salamu na picha ya viatu vipya. Kiungo wa ndizi akachukuliwa na timu ya Nampula. Huo ni uhamisho wa kawaida, bola ndivyo ilivyo. Golikipa wetu wa pili alikwenda kuvuna mihogo na baba yake, wale waasi wa msituni wakawakuta huko huko shambani. Tulizika walichotuachia. Mazishi yalikuwa asubuhi na mechi ilikuwa alasiri, tukafungwa mabao mengi, na Mista hakumpiga mtu.

Kisha beki yule wa sikio moja akatoweka. Mwanzo tulidhani naye ameuawa. Baadaye watu waliotoroka huko msituni wakasema wamemwona, ana bunduki, ndiye anayewapanga mistari watoto waliotekwa.

Habari ilipofika tulikuwa uwanjani. Mista akasema, "Kahamia timu isiyo na refa." Wachezaji wakacheka kicheko kifupi kile cha watu wasiotaka kulia. Ndipo kaka yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza, "Ni lile kofi, Mista?"

Kila mtu akangoja mkono. Haukunyanyuka. Mista aliokota koni za mazoezi moja moja, akazipanga, akaenda zake, na siku ile hakuna aliyemwona akila.

Tukaendelea kufungwa. Ikafika mechi ya mwisho, tunahitaji sare tu tubaki kwenye ligi. Tukifungwa tunashuka, na klabu ikishuka haina tena mshahara wa mtu. Mechi yenyewe iko bara, kwenye mji mmoja wa uwandani.

Hapo ndipo yule mtu wa mji mkuu alipokuja tena, na begi la magurudumu, akataka kuondoka na kaka siku ile ile. Alikutana na Mista uwanjani kwetu.

"Mguu ule si wako tena, Mista. Sitaki auchezee kwenye mashimo ya huko bara."

"Ni wetu mpaka Jumapili."

"Kwa sheria gani?"

Mista akamwonyesha sheria. Begi likaviringika peke yake mpaka kwenye kona.

Nyumbani mama alimwambia kaka aondoke. Kaka akasema, "Mama, nikiondoka sasa wanashuka. Itaonekana nimekimbia."

"Kukimbia si aibu," mama akasema. "Humu ndani kila mtu yuko hai kwa sababu alikimbia."

Jioni Mista akaja mwenyewe. Hakuketi. Alivua kofia, akamwamkia mama, akasema, "Mama, nipe mtoto wako mechi moja. Nitamrudisha kwa mkono wangu huu." Mama alimtazama sana. Kisha akaingia ndani akaleta raba za kaka, akamkabidhi Mista badala ya kumpa mwenyewe, na nikajua ameshakubali.

Sasa lazima nieleze jambo la geti. Kwetu timu ikienda ugenini haipiti getini. Wenyeji wanazika dawa pale, ukiikanyaga miguu inakuwa mizito kama magogo. Basi timu inazunguka nyuma, inaruka ukuta. Kila mtu anajua, hata wenyeji wanajua, na ukimkuta mwanaume mzima amevaa suti ya michezo ananing'inia ukutani humshangai. Mista ndiye aliyekuwa hataki. Miaka yote alitupitisha getini vifua mbele. "Dawa ya geti," alisema, "ni kukimbia kuliko mwenzako." Alishawahi kufukua kibuyu pale getini kwa watu, akakipiga teke mbele ya mganga mwenyewe, na mechi ile tulishinda.

Lakini siku ile, ndani ya gari, nyuma ya magari ya jeshi yaliyotusindikiza, alishika msalaba wake njia nzima. Tulipofika watu walishapanga mistari barabarani.

"Nyie wa pwani," mmoja akapaza sauti, "bunduki zenu mmeziacha kwa ndugu zenu msituni?"

Mista akatoa kichwa dirishani, akamjibu kwa Kimakonde, na watu wote wakacheka, hata yule aliyetukana. Nikadhani mambo yamekuwa mepesi. Ndipo Mista akamgeukia kapteni akasema, "Leo tunaruka."

"Tunaruka nini, Mista?"

"Ukuta."

Wachezaji wakaanza kukaza mabegi yao. Nadhani walifurahi. Mimi mwenyewe nilifurahi, maana sikuwa nimewahi kuona timu yetu inaruka. Sijui kitu gani kilimvunja. Labda golikipa, labda beki. Labda mtu akishafungwa vya kutosha hata asichokiamini anakikopa.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na mihogo mirefu, kisha ukuta. Mista alipanda wa kwanza, akashukia ndani. Wakafuata wengine, suti nyeusi, mabegi mgongoni, wanasukumana na kuchekana. "We mzito, tayari umeshakanyaga dawa." Kaka alikuwa juu ya ukuta, mguu mmoja huku na mmoja huko, ameniinamia apokee gunia la jezi. Alikuwa anacheka. Kutoka kwenye mihogo ikalia bunduki.

Aliangukia ndani. Gunia likabaki mikononi mwangu. Nilizunguka mbio, nikapita geti lile lile tulilolikimbia, na nikamkuta kaka kwenye nyasi, Mista juu yake anafunga paja kwa mkanda wake mwenyewe, anavuta kwa meno. Chini ya goti palikuwa si mguu tena. Kaka alikuwa ananitazama mimi kama mtu anayetaka kuuliza saa.

Askari mmoja wa ulinzi wa uwanja akaja anakimbia. Alikuwa kijana, umri wa kaka. "Nimeona watu wenye nguo nyeusi wanaruka ukuta," alisema, akarudia, "nimeona watu wanaruka ukuta. Mimi si wa huku. Hakuna aliyeniambia."

Mista akamaliza fundo. Akasimama. Akampiga kofi ambalo nadhani aliliweka tangu siku ya golikipa, na kijana akaenda chini na bunduki yake. Wenzake wakaja na vitako vya bunduki. Walimpiga mgongoni, wakampiga kinywani. Alijikinga kichwa kwa mkono ule ule wa kulia, wakaupiga huo, na nilisikia unavunjika. Hakurudisha. Kijana aliyefyatua risasi ndiye aliyewazuia, analia, anasema mwacheni mzee, mwacheni.

Msimamizi wa mechi akaja na filimbi shingoni. Akauliza kwa sauti ndogo kama tunaahirisha. Sheria ilikuwa timu isiyocheza imefungwa. Wachezaji wakamtazama Mista, na Mista alikuwa amekaa chini, meno yamejaa damu.

"Tunacheza," akasema.

Mimi nilipanda gari na kaka kwenda hospitali, kwa hiyo mechi ile sikuiona. Nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake. Walipungukiwa mtu, golikipa wetu alivunjwa pua, wenyeji walipiga mwamba mara mbili. Sare. Tulibaki kwenye ligi. Mjini kwetu watu waliimba barabarani, na ndani ya nyimbo kulikuwa na jina la kaka yangu.

Mguu wa kushoto ulikatwa. Nilipomwambia matokeo aligeukia ukutani. Mtu wa mji mkuu alipiga simu, akasema pole, akauliza kama kuna mdogo wake anayecheza.

Tuliporudi Mocímboa, Mista alikuja nyumbani, mkono umening'inia kwenye kanga. Mama alisimama mlangoni asimpishe.

"Ulisema utamrudisha kwa mkono wako," mama akamwambia. "Uko wapi mkono?"

Ndani, kaka alisikia kila neno. Mista alisimama pale uani, jua likimpiga, mpaka mama akarudishia mlango. Klabu ilimwomba abaki. Akaacha siku hiyo hiyo.

Kaka sasa anatengeneza simu sokoni. Ana wateja, anatania nao, magongo yake ameyaegemeza kwenye kibanda. Jina la Mista halitaki. Siyo kwamba anatukana. Ukilitaja anaanza kutafuta bisibisi.

Mimi nimepata nafasi kwenye redio ya hapa mjini. Nasoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea. Bola bado, lakini itakuja, nawaambia kila mwezi, wananijibu tutaona.

Wiki iliyopita nilikwenda bandarini kumnunulia mama barafu. Kulikuwa na boti inashusha simenti, vibarua wamejaa vumbi, wote rangi moja. Nikasikia, "Menina."

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa na gunia mgongoni, ameliegemeza kwenye ukuta wa ghala ili apumue. Mkono wa kulia ulishaunga vibaya, umepinda kwenye kifundo, vidole havifungi.

"Shikamoo, Mista."

"Marahaba. Nakusikiliza redioni. Unasoma haraka. Mtu aliyefiwa hasikii haraka."

"Nitapunguza."

"Punguza." Akalitengeneza gunia. "Kanyoto anasemaje juu yangu?"

"Hasemi."

"Hata matusi?"

"Hata matusi."

Akaitikia kwa kichwa, muda mrefu. "Matusi ningeyapokea," akasema. Halafu, bila kunitazama, "Nikija nyumbani, nisimame tu nje, itakuwaje?"

Nilitaka kusema njoo. Mdomo wangu ni mwepesi, kila mtu anajua. Lakini nyumba ile si yangu peke yangu, na mguu haukuwa wangu.

"Usije, Mista," nikasema. "Bado."

"Bado," akarudia, kama mtu anayeonja kitu.

Msimamizi wa vibarua akatokea. Kijana, miwani myeusi, ufunguo wa pikipiki unazunguka kidoleni. "We mzee, umekuja kutongoza? Simenti itajibeba?" Na kabla sijafungua mdomo akampiga Mista kofi la kisogo, mbele ya boti nzima. Vumbi likaruka.

Vibarua wakasimama. Wengi wao walimjua. Hata mimi nilijikuta nimerudi nyuma, napisha nafasi ya mkono ule. Ukanyanyuka kweli, uliopinda, polepole. Ukalishika gunia.

"Twende, bosi," Mista akasema, akaondoka nalo.

Barafu ilianza kuyeyuka kwenye ndoo, na mama alikuwa ananingoja. Nilishika njia ya nyumbani, nikafika nyuma ya ghala, na pale kivulini palikuwa na pikipiki, mpya, imefutwa ikang'aa. Hapakuwa na mtu. Niliweka ndoo chini, nikachuchumaa kama mtu anayefunga kiatu. Nikafungua kifuniko cha upepo cha tairi la nyuma, nikabonyeza sindano yake kwa ncha ya ufunguo wa nyumbani, nikangoja mpaka tairi likalala kabisa.

Kisha nikahamia la mbele.